Ukuta wa Nuru na Joho la Matundu Arobaini

Ilikuwapo nchi, na kwa kuwa sijasikia tangazo la kuifuta, huenda ingalipo. Jina lake sitalitaja, maana kulitaja kunahitaji kibali na mtoa vibali yuko semina. Itoshe kusema ni nchi ya amani, na amani yenyewe inalindwa kwa bunduki saa zote.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mlezi. Siku moja alirudi kutoka ziara ya ng'ambo akiwa na kadi ya posta mfukoni. Kadi ilikuwa na picha ya mfalme wa kale wa Bizanti, iliyotengenezwa ukutani kwa vijipande vya vioo na dhahabu, ile kazi inayoitwa mozaiki. Mfalme alivaa joho zito lililoshonewa lulu, macho yake makubwa yalitazama mbele tu, na nyuma ya kichwa chake palikuwa na duara la nuru. Lakini dhahabu Mlezi alikuwa nayo, na lulu pia. Kilichomkosesha usingizi ni maandishi ya nyuma ya kadi, yaliyosema dola ile ilidumu zaidi ya miaka elfu moja.

"Elfu moja!" alimwambia Dokta Sumbwike, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mifugo. "Na sisi tuna mingapi?"

"Kumi na tisa, Mtukufu. Lakini wananchi tunaiona kama elfu."

Kwa jibu hilo Sumbwike akafanywa Waziri wa Nakshi na Nuru palepale, na ng'ombe wakabaki bila msemaji hadi leo.

Waziri mpya hakuchelewa. Alisimama redioni akasema: "Ndugu wananchi, wabunifu wakubwa wa mavazi huko ng'ambo wanairudia Bizanti! Mikufu mizito, vitambaa vya dhahabu, mawe ya rangi mpaka kwenye viatu! Wachoraji wao nao wanabandika dhahabu kwenye turubai! Je, sisi tungoje mpaka mitindo hiyo itufikie kwa njia ya mitumba? La hasha! Safari hii tutaiga kutoka kwenye chanzo!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu makofi yalikuwa yameandikwa kwenye ratiba.

Basi maofisa wakaanza kuvaa majoho yaliyoshonewa shanga, mazito hata wengine wakahitaji kuinuliwa kutoka vitini. Kila mmoja akapewa duara la shaba la kufunga kisogoni kulingana na cheo chake. Karani alipata la ukubwa wa kisahani, mkurugenzi la ukubwa wa sinia, na waziri la ukubwa wa ungo. Milango ya wizara ikabidi ibomolewe na kupanuliwa, baada ya manaibu wawili kukwama mlangoni tangu asubuhi hadi alasiri, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Rangi ya zambarau ikawa ya Mlezi peke yake, kama ilivyokuwa kwa wafalme wale. Biringanya zikaondolewa sokoni. Watoto waliokutwa na ulimi wa zambarau walisuguliwa kwa chumvi kwenye malango ya shule, na miti ya mizambarau ikawekewa askari.

Kisha ikatoka Amri ya Nyuso. Katika picha za Bizanti, alieleza Waziri, hakuna mtu wa maana anayeonyesha shavu, wote hutazama mbele. Kwa hiyo hadharani ikawa marufuku kugeuza uso. Aliyetaka kwenda kushoto alikwenda kikaakaa, uso mbele, miguu upande. Waliozungumza walisimama bega kwa bega wakiuambia upepo.

Fundi Ngwali aliyaona haya yote akanyamaza, kwa kuwa alikuwa fundi vigae na kazi yake ilimweka magotini, akitazama chini. Vyoo na mabafu mengi ya mji ule yalipita mikononi mwake. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, akamwachia binti mmoja, Siwema, wa miaka kumi, na sahani moja nyeupe yenye ua jekundu katikati, ambayo mama wa watu aliitunza kabatini asiilie chakula hata sikukuu.

Mafundi vigae wa nchi ile walikuwa na desturi moja. Fundi hakabidhi kazi mpaka agonge. Hupiga magoti, akagonga kila kigae kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Kigae kilichoshiba saruji hujibu kavu na kwa mkato, ti. Kilichokaa juu ya hewa hulia bwo, na hicho kitapasuka tu, leo au kesho. Siwema alikulia kwenye mlio huo. Alipokuwa mdogo na hakuna wa kumwachia, baba yake alikwenda naye kazini, na ili asikatwe nyayo alimfundisha mchezo. "Nikigonga ukasikia tupu, ruka kando." Mtoto alizoea mpaka ikawa tabia. Hata mezani, baba akigonga sufuria iliyokwisha ugali, Siwema aliruka na kiti chake, wakacheka wote wawili. Hakuna kicheko kingine kilichobaki katika nyumba ile.

Ndipo Waziri alipotangaza Ukuta wa Nuru, mozaiki ya Mlezi yenye urefu wa ghorofa nne, katika Uwanja wa Utii.

Vijipande vilitoka kwa wananchi. Kila nyumba iliombwa kuchangia vyombo vinavyong'aa, na waliokuja kuomba walikuja na virungu. Watu wakawa wanakula kwenye majani ya mgomba, redio ikasema huo ndio uasili wetu. Hospitali ilichangia vigae vya chumba cha kujifungulia, ambavyo Ngwali mwenyewe alivibandika na sasa akaitwa kuvibandua. Sahani ya mama Siwema ilikwenda siku hiyohiyo. Siwema hakulia mbele ya wachukuaji, alisubiri waondoke.

Ngwali, akiwa miongoni mwa mafundi walioitwa ukutani, aliitafuta sahani ile katika rundo la vyombo na vigae vilivyovunjwa mpaka akaipata. Ua lilikuwa zima. Alilibandika kwenye pindo la joho la Mlezi, chini kabisa upande wa kulia, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Alipomwambia Siwema, mtoto alimkumbatia shingo.

Jambo moja lilimsumbua fundi. Kila siku malori yaliyojaa saruji yalipita mbele ya ukuta bila kusimama, yakapanda kilimani, ambako kampuni ya shemeji wa Waziri, ileile iliyopewa kazi ya ukuta, ilikuwa inajenga Nyumba ya Utulivu, gereza jipya la waliocheka maduara. Ukutani walikuwa wanachanganyiwa mchanga, majivu na maji mengi.

Siku ya mwisho, jukwaa la mbao lilipoondolewa, Ngwali alipiga magoti kwa mazoea akagonga pindo la joho.

Bwo.

Akasogea, akagonga tena. Bwo. Alipanda ngazi akagonga tumbo, akagonga kifua, akafika kwenye kidevu. Ukuta mzima ulikuwa umebandikwa juu ya hewa. Alimwendea yule shemeji wa Waziri, wakasimama bega kwa bega kama amri inavyotaka.

"Bwana mkubwa, ukuta huu ni tupu. Hautamaliza mwezi."

"Fundi, wewe uliajiriwa kubandika au kugonga?"

"Kubandika, bwana. Lakini..."

"Basi umemaliza. Nenda kapumzike."

Na pengine angekwenda kupumzika, maana mwenye nguvu mpishe. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Siwema anarukaruka uani.

"Baba, nimechaguliwa! Nitaimba kwenye uzinduzi! Tunasimama chini ya ukuta, watoto arobaini, saa tatu nzima. Na mimi ndiye wa mwisho kulia, palepale kwenye sahani ya mama!"

Ngwali alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. Uzinduzi ulikuwa baada ya siku tisa.

Kesho yake alikwenda shuleni kwa Mwalimu Esteria, mfundisha kwaya. Mwalimu alikuwa mama mwema, aliyechoka.

"Mwalimu, nakuomba unitolee mwanangu kwenye kwaya. Sema anaumwa, sema lolote."

"Baba Siwema, ningekutolea hata leo. Njoo uone mwenyewe."

Akamwonyesha joho la kwaya. Wizara ilikuwa imeleta kitambaa kimoja cha dhahabu, kigumu kama jamvi, na Waziri aliagiza kisikatwe, kwani umoja haukatwi. Kwa hiyo lilikuwa joho moja refu lenye matundu arobaini ya vichwa.

"Watoto wote wanaingia humu," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja akitoka tundu linabaki wazi. Tundu wazi ni kosa, limeandikwa. Nikimtoa wako nitaingiza wa jirani yako. Niambie nimwingize wa nani."

Ngwali alimwambia kuhusu ukuta. Mwalimu akasema, "Iandikie Wizara. Mimi sina ulimi huko. Na mtoto usimwambie, atasema darasani, mtapelekwa kilimani nyote wawili."

Alimsikiliza, na ushauri huo ndio uliokuja kumtafuna baadaye.

Kuiandikia Wizara hakukuwa kazi ya kalamu. Tangu mwezi uliopita barua zote kwa serikali zilitakiwa ziwe za mozaiki. Ngwali alichukua ubao wa mlango wa choo chake, akakusanya vipande vya vigae vilivyozagaa uani, akaweka saruji halisi, kibaba cha mwisho alichokuwa nacho, akaandika kijipande kwa kijipande: UKUTA NI TUPU. UTAANGUKA. WAONDOENI WATOTO. Kazi ilimla siku tatu. Aliigonga yote, ikajibu ti. Akaibeba begani mpaka Wizarani, nzito kama gunia la mahindi.

Mapokezi palikuwa na karani, Bi Perpetua, mwenye duara la kisahani. Aliitazama barua bila kuinamisha kichwa.

"Haina mpaka wa dhahabu."

"Bibi, soma kwanza maneno. Watoto watakufa."

"Kaka yangu, mimi nakagua mipaka. Maneno yanasomwa chumba namba saba, na chumba namba saba hakipokei barua isiyo na mpaka."

Alirudi nayo begani. Mpaka aliutengeneza kwa karatasi za pakiti za sigara alizookota barabarani. Siku ya tano akarudi.

"Mpaka upo," alisema Bi Perpetua. "Uso uko wapi?"

"Uso gani tena?"

"Barua ya Kibizanti lazima iwe na uso unaotazama mbele. Barua isiyo na uso tutajuaje kama inatuheshimu?"

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikaa kwenye ngazi za Wizara, akabandika uso palepale mbele ya wapita njia, na kwa kuwa uso pekee uliokuwa kichwani mwake ni wa Siwema, ukatoka wa Siwema, macho makubwa, mdomo umefumba. Siku ya sita barua ikapokelewa. Chumba namba saba kilikuwa kimefungwa, msomaji amekwenda kupimwa duara. Lakini bahati, au kitu kinachofanana nayo, ilimtoa Waziri mwenyewe ofisini. Alipita kikaakaa, ungo wake wa shaba ukikwaruza ukuta, akasimama mbele ya barua.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi, Mheshimiwa," Ngwali akaanguka magoti. "Mheshimiwa, nakuomba, ukuta..."

"Kazi safi! Tazama macho hayo! Yanasihi, yanalia, Bizanti tupu!"

"Mheshimiwa, soma maneno. Ukuta umebandikwa bila saruji. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

Waziri alicheka mpaka shanga zikalia.

"Ndiyo maana wahenga walibaki maskini! Sisi tumeruka ufa, tumejenga ukuta moja kwa moja." Akamwambia mtumishi wake, "Iandikieni zawadi ya kwanza. Itundikwe uwanjani siku ya uzinduzi, watu waione."

"Na maneno yake, Mheshimiwa?" aliuliza mtumishi.

"Sanaa haisomwi. Inatazamwa."

Ngwali alitoka pale akiwa ameamua. Liwalo na liwe, atamwambia mtoto. Atamtorosha, kama si usiku basi mchana kweupe, waende popote ambako ukuta ni ukuta. Alikwenda mbio mpaka nyumbani. Uani hapakuwa na mtu. Jirani yake, akitazama mbele, alimwambia upepo kwamba lori la Wizara limewachukua watoto wa kwaya kwenye kambi ya mazoezi, siku moja kabla ya tarehe iliyopangwa, wakazoee kutogeuza nyuso. Wazazi hawaruhusiwi.

Alisimama uani na kandambili moja ya Siwema mkononi. Siku sita mtoto alikula naye, akalala chumba kimoja naye, neno moja tu lingetosha, naye akanyamaza ili wasipelekwe kilimani. Alijipiga kifua kwa ngumi. Alitamani mlio wowote, hata wa tupu, lakini alisikia moyo tu.

Siku ya uzinduzi jua liliwaka, dhahabu yote ya ukuta ikawaka nayo. Mlezi alikaa chini ya mwavuli upande wa pili wa uwanja, kwa sababu picha kubwa hutazamwa kwa mbali. Chini ya ukuta watoto arobaini walikuwa ndani ya joho moja, vichwa arobaini vimetoka matunduni, macho mbele. Mwisho kulia alikuwa Siwema. Kando ya jukwaa ilitundikwa barua ya Ngwali na utepe wa zawadi ya kwanza. Maelfu waliitazama. Amri ya kuisoma haikuwapo.

Ngwali alipenya mpaka kwenye kamba. Tarumbeta zilikuwa zinalia. "Siwema!" aliita. "Siwema, ruka! Ruka, mwanangu!" Askari wawili walimshika makwapa. Aliita mpaka sauti ikakauka, na tarumbeta hazikuachia nafasi hata ya herufi moja. Mtoto alitazama mbele kama alivyofundishwa.

Waziri akapanda jukwaani. "Ukuta huu," alisema, "utasimama miaka elfu!"

Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Watoto waliimba, majasho yakiwatiririka. Ngwali aliona bega la Siwema likitikisika chini ya kitambaa. Alimjua mwanawe. Mtoto alikuwa amechoka, na akichoka humtafuta mama yake. Mkono ulipita kwenye upenyo wa joho upande wa pembeni, ukarudi nyuma taratibu, ukapapasa pindo la Mlezi mpaka ukafika kwenye ua jekundu. Ukatulia hapo. Kisha kidole kikakunjwa.

Ngwali aliacha kuvutana na askari. Mtoto aligonga mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi.

Hakuusikia mlio, lakini aliona uso wa Siwema ukigeuka. Uligeuka wazi, hadharani, mbele ya serikali nzima, na shavu likaonekana. Akaruka kando. Joho likavutika, mwenzake akaruka naye, na yule akamvuta mwingine, na kwa kuwa umoja haukatwi, watoto wote arobaini wakaenda kulia kikaakaa, wakikwaana, wakilia, mpaka joho lote likawa nje ya kivuli cha ukuta.

Ukuta haukuwa na haraka. Kwanza lilidondoka jicho la kushoto, kisha kidevu, halafu Mlezi wote wa ghorofa nne akashuka kwa kishindo, sahani na vikombe vya nchi nzima, vigae vya akina mama wajawazito, vyote vikamwagika pale ambapo kwaya ilikuwa imesimama. Vumbi lilipotulia, watoto arobaini walihesabiwa, wakawa arobaini. Ngwali alilia kama mtoto mdogo, na askari aliyemshika naye akawa analia, uso mbele.

Tume iliundwa siku hiyohiyo. Baada ya siku mbili ilitoa taarifa. Ukuta, ilisema, ulikuwa imara kabisa na ulisimama kwa uzalendo wa watoto waliouegemea. Ulipogeuziwa mgongo, ukavunjika moyo. Mtoto wa tundu la arobaini aligeuza uso na kuongoza maasi, na adhabu yake ni miaka saba kilimani. Aidha, kuna barua yenye zawadi ya kwanza, ambayo sasa imesomwa, inayoonyesha kwamba kuna mtu aliyejua kabla. Na anayejua kabla, kama si mhusika, amejuaje?

Ngwali aliitwa mbele ya tume. Siwema alikaa kwenye benchi, miguu haifiki chini.

"Nani alimfundisha mtoto huyu kugonga?"

"Mimi."

"Nani alimfundisha kuruka?"

"Mimi. Yeye hajui kitu, waheshimiwa, anafuata ninalomwambia. Ukuta nimeuangusha mimi. Andikeni hivyo."

Mjumbe mmoja alimuuliza kama anatambua ataikalia ile miaka saba yeye, pamoja na yake ya kujua. Akasema anatambua. Wakaandika. Siwema alikabidhiwa kwa Mwalimu Esteria, akatolewa mlangoni akigeuza uso kila hatua, na safari hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkataza.

Kilimani, Ngwali alipewa chumba kisichozidi kitanda. Mlango ulipofungwa alipiga magoti kwa mazoea, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ti. Akasogea, akagonga pembeni, akagonga juu, akagonga sakafu yote, kipande kwa kipande, akitafuta hata sehemu moja ndogo iliyokaa juu ya hewa. Ti, ti, ti. Katika nchi nzima hakuwahi kukutana na kazi iliyoshiba saruji namna ile.

Kila Jumamosi Siwema hupanda kilima. Haruhusiwi kuingia, hana duara. Huzunguka mpaka upande alioambiwa kuna chumba cha baba yake, akasimama karibu na ukuta, akagonga, akatega sikio. Ndani, siku hiyohiyo na saa ileile, baba yake naye hugonga, akatega sikio. Ukuta ni mnene, umejengwa vizuri, na hakuna kati yao anayesikia kitu.